Nyuma ya Hilux kuwa tela: kata mbele zaidi ya unavyodhani

Swali: Shikamoo fundi. Nina Hilux 4WD ya mwaka 1994, kabini moja. Injini ya dizeli imeshakufa, na kabini imeliwa na kutu mpaka ukikaa kwenye kiti unaiona ardhi. Nyuma iko nzima: bodi, springi, difu, tairi, hata taa moja. Nataka niikate pale kabini inapoishia, nichomelee bomba, nivute kwa Prado yangu. Nipeleke mbolea shambani Kilolo, nirudi na mahindi Iringa mjini, gunia sita mpaka nane kwa safari. Fundi wa jirani anasema ni kazi ya siku mbili. Difu niitoe au niiache? Na vijana wa kuvuna wanaweza kupanda humo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu.

Fundi wako hajakudanganya kuhusu siku mbili. Kukata ni kazi ya asubuhi moja, kama grainda haikatiki umeme. Shida ni kwamba mahali anapotaka kukata sipo, na kabla hata ya kukata kuna hesabu ambayo nadhani hamjaipiga.

Tela la nyuma ya Hilux ni zito kabla hujaweka hata debe moja. Gari lile lilitengenezwa libebe mzigo huku likiwa na injini yake. Kwa hiyo unarithi chesisi nene, ekseli ya chuma kizito yenye difu katikati (lile boksi la meno linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili), springi za majani kadhaa na bodi la bati nene. La kwangu nililipandisha kwenye mizani likiwa tupu, na mkono wake, na tairi ya akiba: kilo 420. Nchi za Ulaya na Australia wamechora mstari kwenye kilo 750. Tela likizidi hapo, lenyewe pamoja na mzigo, lazima liwe na breki zake. Toa 420 kwenye 750, unabaki na 330. Hizo ni gunia tatu za mahindi, tena gunia la kilo 100 la kweli, siyo lumbesa ile inayoshonewa kilemba juu. Wewe unataka nane. Jumla yako itafika kilo 1,200 na ushee, na barabara yako ni ya Kilolo, ambayo sina haja ya kukueleza inavyopanda na kushuka.

Kwa hiyo tela lako litakuwa na breki. Hilo tulimalize hapa, nitarudi kukuambia namna gani. Kama huwezi kulipia breki, jenga tela dogo la bomba jepesi na ekseli ya gari dogo, ubebe gunia nne, na Hilux uiuze kwa vipande.

Sasa pa kukata.

Karibu kila mtu hukata sentimita chache nyuma ya kabini, kwa sababu ndipo jicho linapoona pikapu inagawanyika. Kisha huchomelea bomba moja katikati na kuondoka. Hebu chukua futi uangalie ekseli imekaa wapi chini ya bodi. Kwenye kabini moja kama yako, ekseli iko karibu na katikati ya bodi. Kwenye kabini mbili ni mbaya zaidi, sehemu kubwa ya bodi iko nyuma ya magurudumu. Gari lilipokuwa zima hilo halikusumbua, maana mbele kulikuwa na injini na kabini za kushikilia pua chini. Ukishakata, hakuna kinachoshikilia. Mzigo ukikaa nyuma kidogo tu, tela linainua ile ncha ya mbele, na Prado inaanza kuvutwa mkia juu.

Tela zuri linalalia mbele kidogo. Kipimo tunachotumia ni kama asilimia 10 ya uzito wote kukaa kwenye kichwa cha kuvutia, lile tufe la chuma nyuma ya gari linalovuta. Kwa tela la kilo 1,000 ni kilo 100 hivi. Pungufu kidogo sawa, lakini ikishuka chini ya 50 mimi sivuti. Upande wa juu nao una mpaka wake: soma kibati kilichobandikwa kwenye chuma cha kuvutia cha Prado, kimeandikwa uzito wa juu unaoruhusiwa kulalia pale.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme kutoka ekseli mpaka kichwa ni mita 3. Ili upate asilimia 10, kitovu cha uzito wote kinatakiwa kiwe sentimita 30 mbele ya ekseli, yaani sehemu moja ya kumi ya ule urefu. Gunia moja la kilo 100 ukilisogeza mita moja kuelekea mbele, kichwa kinaongezewa kilo 33. Ukilirudisha nyuma mita moja, kinapungukiwa kilo hizo hizo. Gunia mbili zikikaa vibaya zinatosha kuharibu tela zima.

Najua kwa sababu niliwahi kuliharibu. Tela langu la kwanza lilikuwa la kabini mbili, na siku hiyo nilibeba saruji. Vijana walipakia wakianzia mlangoni, mifuko ya kwanza ikabaki nyuma kabisa kwa sababu hakuna aliyetaka kuiburuza. Kwenye tambarare halikusema kitu. Tulipoanza kuteremka likaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia, kila mara kwa upana zaidi. Nikafanya kosa ambalo kila dereva hulifanya: nikakanyaga breki. Gari likapungua, tela halikupungua, likanipita ubavuni. Nilitoka na goti lililochubuka na saruji imemwagika kwenye mtaro. Ikikutokea, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani umenyooka, usishindane nalo, usikanyage breki ghafla. Likitulia, simama pembeni upange mzigo upya.

Utaniuliza, si nisogeze bodi mbele juu ya chesisi? Wengi hulifikiria hilo, na hukwama kwenye matao ya magurudumu. Tao limekatwa kwenye bodi mahali pamoja tu. Ukisogeza bodi sentimita 30, tairi inakula bati. Ukirudisha ekseli nyuma badala ya bodi, tairi inakula bati ya upande ule ule. Nafasi iliyopo ni ya vidole vichache.

Dawa ni kukata mbele zaidi. Vua kabini yote, toa injini na gia boksi, halafu fuata chesisi mpaka chini ya pale kilipokuwa kiti cha dereva, ukate hapo. Sasa una chesisi ya Toyota yenyewe, iliyonyooka, inayotokeza mbele ya bodi kwa zaidi ya nusu mita. Juu yake jenga sanduku au jukwaa la bati lenye mabati nene ya pembeni. Hapo ndipo mbolea, vifaa, jeki na tairi ya akiba vinapokaa, vyote mbele ya ekseli. Bodi lako limeongezeka urefu na pua ya tela imepata uzito bila kugusa matao. Mwenye kabini mbili ashauriwe hivyo hivyo, mara mbili.

Kabla grainda haijawashwa, tangi la mafuta litoke. Kwenye gari lako linaning'inia kwenye chesisi mbele ya ekseli ya nyuma, hapo hapo cheche zinapoangukia. Dizeli haiwaki upesi kama petroli, lakini joto la kuchomelea huyageuza mabaki kuwa mvuke, na tangi tupu lenye mvuke ni baya kuliko lililojaa. Lishushe, lipeleke mbali. Waya za zamani na mabomba ya breki yatoe yote, usihifadhi chochote cha miaka 30 kwa huruma.

Mkono wa kuvutia usiwe bomba moja la katikati. Tumia chaneli mbili (vyuma vyenye umbo la U) za milimita 100 kwa 50 zinazokutana mbele kama herufi A. Zipite chini ya chesisi, na kila moja ishike sehemu mbili zilizoachana kwa sentimita 60 au zaidi: ya kwanza kwenye boriti ya kukingama utakayoweka pale ulipokata, ya pili nyuma zaidi, karibu na kishikio cha mbele cha springi. Hiyo boriti ya kukingama usiisahau. Zile ncha mbili za chesisi zilikuwa zimeshikwa na kabini na kiungo cha gia boksi. Ukivitoa zinabaki zinacheza kila upande kivyake.

Kuhusu kuunga, nakuomba usimamie mwenyewe. Fundi akichukua ncha ya chaneli akaigonganisha na ncha ya chesisi, kisha akazungusha mshono mmoja pembeni, inaonekana safi na inavunjika. Haivunjiki leo. Baada ya miezi utaona mstari mwembamba kama unywele, pembeni tu mwa mshono, na chini yake doa la kutu lenye rangi ya chai ya rangi limeshuka kama chozi. Lile doa ndilo ishara: maji yanaingia, chuma kimeachana. Mshono wenyewe huwa mzima, kinachopasuka ni chuma kilicho jirani yake, kilichopikwa na moto. Kwa hiyo vyuma vilalane, visigongane. Mishono iende kwa urefu wa chesisi, isikate kukingama kwenye uso wa juu na wa chini. Palipo na kiraka cha kuimarisha, ncha zake zikatwe mshazari kama almasi, ili nguvu isikome yote mahali pamoja. Fimbo za kuchomelea za 7018 ni bora kuliko 6013 kwa kazi hii, mradi ziwe kavu. Zilizolala wazi dukani msimu wa mvua hazifai mpaka zikaushwe kwa joto. Na kama tela limeunganishwa na Prado wakati wa kuchomelea, ondoa waya za betri ya Prado kwanza. Afadhali Prado isiwepo kabisa.

Urefu wa mkono utaupata kwa kamba. Simamisha Prado uwanjani, funga kamba kwenye kichwa chake cha kuvutia, chora kwa chaki upana wa sanduku la mbele, uzungushe kama tela linavyokata kona kali. Kona ya sanduku isiguse bampa. Mara nyingi mita 1.2 kutoka kichwa mpaka sanduku inatosha. Mkono mrefu zaidi ni rahisi kurudisha nyuma, mfupi unakugeukia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Kichwa, na kikombe cha tela kinachokaa juu yake, vinunue vipya. Kipimo kinachotumika sana ni milimita 50 na kimegongwa juu ya chuma chenyewe. Soma vyote viwili kabla ya kulipa, usipime kwa macho. Weka minyororo miwili, ipishane kama msalaba chini ya kikombe. Kikombe kikichomoka, mkono unaangukia juu ya minyororo badala ya kuchimba lami.

Kimo: tela lisimame sawasawa likiwa na mzigo, lisiinamie wala kuinua pua. Hilux yako iko juu kuliko kichwa cha Prado, kwa sababu springi zimekaa juu ya ekseli. Njia nyepesi ni kuushusha mkono kwa kuupitisha chini, kama nilivyosema. Njia ya pili ni kuhamisha springi zikae chini ya ekseli, na hapo tela lote linashuka, ila lazima makalio mapya ya springi yachomelewe upande wa pili na kupimwa yalingane. Ukiweza kuiepuka, iepuke. Lakini lile jani nene la chini kabisa kwenye springi unaweza kulitoa. Liliwekwa kwa mzigo mkubwa, na kwenye tela tupu linafanya magurudumu yaruke kama mpira kwenye kila bati la barabara ya vumbi.

Sasa difu, ambayo ndiyo uliyoiuliza. Usiitoe.

Wenye Land Cruiser za mizigo na Land Rover za zamani watakuambia wao walichomoa shafti (vyuma vya ndani ya ekseli vinavyozungusha magurudumu), wakaziba habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa kifuniko, wakajaza grisi, na tela linakwenda. Wanasema kweli. Kwenye magari hayo habu inazunguka juu ya beringi zake mbili, shafti inapeleka nguvu tu na haibebi gari. Hilux yako siyo hivyo. Gurudumu limefungwa kwenye shafti yenyewe. Nje inashikwa na beringi moja, na ncha ya ndani inaegemea kwenye meno ya difu. Ukichomoa shafti, gurudumu linatoka nayo. Ukitoa difu ukaziba tundu kwa bati, shafti inakosa mahali pa kuegemea ndani, beringi moja inabeba kila kitu na haidumu. Nimeona ekseli za namna hiyo zikilia kabla hazijamaliza mavuno moja.

Toa propela tu, ile shafti ndefu inayotoka kwenye gia boksi. Ile flenji ya difu, sahani ilipofungwa propela, itabaki inazunguka yenyewe tela likienda, ni kawaida. Ifunike kwa kipande cha tairi au bati ili mawe yasipige sili, ule mpira unaozuia oili kuvuja. Mwaga oili ya zamani, weka mpya namba 90, na badilisha sili zote tatu ukiwa umeshafungua. Kwenye sili za magurudumu usibane matumizi: oili ikivuja inaingia kwenye viatu vya breki.

Tukirudi kwenye breki, hapa ndipo Hilux inapokulipa. Ngoma, viatu, silinda na kebo za breki ya mkono vyote viko mahali pake. Unachohitaji ni kikombe cha aina ya kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma mbele, kikombe kinarudi ndani kidogo na kubana silinda kuu ndogo iliyo kwenye mkono wa tela, nayo inapeleka mafuta kwenye ngoma. Tela linajifunga breki lenyewe kwa kadiri linavyosukuma. Ile vavu ya Hilux inayopima mzigo, yenye kijiti kinachoshuka mpaka kwenye ekseli, itoe. Haina kazi tena na itakuzuilia mafuta. Hakikisha kikombe kina kijipini cha kufungia, vinginevyo ukitaka kurudi nyuma tela litajifunga breki ukabaki unaguna. Breki ya mkono iunganishe kwenye mkono wa tela. Siku utakapolifungua mlimani utaikumbuka.

Kuna fundi atakuambia achukue bomba la breki za Prado aliunganishe na tela kwa mpira. Mfukuze. Mpira ule ukikatwa na jiwe, Prado nayo imebaki bila breki.

Taa hazina mengi. Waya mpya, plagi ya pini 7, taa za nyuma, za breki, indiketa, taa ya namba. Waya wa negativu uje nao ndani ya plagi. Ukitegemea kichwa na kikombe vipitishe umeme, indiketa zitawaka kwenye lami na kuzima kwenye vumbi. Bandika viakisi mwanga vyekundu nyuma na vya manjano ubavuni. Matairi umebahatika: Hilux 4WD na Prado zote zina nati sita na mpangilio ule ule wa milimita 139.7, kwa hiyo rimu nyingi zinapokezana. Lakini jaribisha rimu kabla hujalitegemea hilo porini, hasa rimu za aloi za Prado juu ya ngoma za Hilux.

Makaratasi yaanze kabla ya grainda. Namba ya chesisi ya Hilux imegongwa mbele upande wa kulia, karibu na gurudumu. Ukikata, namba inabaki kwenye kipande utakachouza kama chuma chakavu, na wewe unaingia barabarani na chesisi isiyo na jina. Nenda na kadi ya gari TRA na kwa mkaguzi wa magari wa polisi, ueleze unachokusudia, upige picha ya namba ikiwa bado mahali pake. Tela husajiliwa kivyake na kupewa namba yake. Ndivyo ilivyo hata Kenya, ambako namba za matela huanza na Z. Mtu wa bima naye aambiwe, maana bima ya Prado usidhani imelibeba tela.

Likikamilika, pima kabla ya safari. Tafuta mizani ya jukwaa ya wanunuzi wa mazao, weka gogo juu yake lifikie kimo cha kichwa cha Prado, kisha laza kikombe juu ya gogo tela likiwa na mzigo. Namba utakayoisoma, ukitoa uzito wa gogo, ndiyo inayotakiwa kufikia ile asilimia 10 tuliyoizungumza. Sogeza magunia mpaka ikae sawa, halafu chukua rangi uchore mstari ndani ya bodi: magunia yaanzie hapa. Vijana wanaopakia hawatakumbuka hesabu, mstari watauona. Wakati wa kupakua, waanzie nyuma, au weka kigingi chini ya mkia. Tela lililofunguliwa likitolewa mzigo wa mbele kwanza linakaa kama mbwa.

Safari ya kwanza nenda na gunia nne. Baada ya kilomita 20 simama, kaza nati za magurudumu, pitisha mgongo wa mkono karibu na kila ngoma. Vuguvugu ni sawa. Moja ikiwa ya moto na nyingine baridi, breki imeshika upande mmoja. Kaza na yubolti za springi, zikishafunguliwa huwa zinalegea siku za mwanzo. Mwendo, mimi nikiwa na mzigo sivuki 60, na kwenye mteremko naweka gia ndogo kabla sijaanza kushuka, siyo katikati.

Ile sehemu ya mbele usiitupe. Gia boksi, gia ya 4WD, difu ya mbele na milango kama ipo mizima vinatafutwa, na pengine vitakulipia kikombe cha breki.

Kuhusu vijana: hapana. Hata mmoja, hata kwa kilomita mbili, hata wakisema wenyewe. Rudi na Prado uwachukue.